Kiwanja cha Mwisho Gatini

"Mdiria, hapa Kiota. Samaki ametoka bwawani, anaelekea sokoni. Umesikia?"

"Nimesikia. Nipo mkiani kwake."

Dencio Garganera hakutia chumvi. Honda yake ilikuwa hatua chache tu nyuma ya Hiace nyeupe yenye vioo vyeusi, na ile Hiace ilikuwa inakimbia asubuhi ya sikukuu kama mwizi wa kuku.

Dereva alikuwa hodari. Aliikata kona ya kanisa bila kugusa breki. Trisikeli iliyobeba kabichi ikayumba, kabichi mbili zikabingirika barabarani, na mwenye kabichi akamtukana dereva, akamtukana na bibi yake.

Dencio alizikwepa kabichi zote mbili.

Chini ya shati lake la maua alificha Glock. Ndani ya sikio la kulia alikuwa na kidude kidogo kama punje ya mahindi, kinachonong'ona. Mkononi alivaa saa ya Casio ya bei ya chini, lakini mafundi wa Kiota, idara yake ya upelelezi, walikuwa wameitoa matumbo na kuitia mengine. Ukiisogeza karibu na simu iliyofungwa, simu inafunguka.

Hiace ilisimama mbele ya soko la La Paz.

Mlango ukafunguka.

Akateremka Mister Rask.

Mzungu mrefu, nywele rangi ya mchanga. Alivaa barong, lile shati jeupe la nyuzi za nanasi, limepigwa pasi likapigika, utadhani yeye ndiye baba wa bwana harusi. Wauza samaki walimpigia makofi. Bendi ikapuliza tarumbeta. Mama mmoja akamvisha shada la sampagita shingoni, naye akainama ili amfikie.

"Ana silaha?" sikio likauliza.

"Ana shada la maua."

"Acha mzaha, Mdiria."

Silaha zenyewe, alizokuwa akiziuza Rask, zilikuwa kwingine. Bunduki zilikuwa ndani ya makreti, katika bandari yenye makreti maelfu, zikingoja malipo yaingie ndipo boti ing'oe nanga kuzipeleka kusini, kwa watu wanaochoma vijiji. Kiota hakikujua ni makreti yapi. Kilijua tu malipo yatapita wapi.

Yatapita kwenye ardhi isiyokuwepo.

Mwaka ule mji mzima wa Iloilo ulikuwa ndani ya Bughaw. Bughaw ni dunia ya ndani ya simu, yenye bahari yake, barabara zake, gati lake na viwanja vyake. Unaingia na mwili wa kuchora, unafuga samaki wa kuchora, unawauza, unapata piso za kweli. Siku nyingine zinatosha mchele, siku nyingine zinatosha chumvi. Ila kufuga kunataka kiwanja, na hapo ndipo watu walipogawanyika. Wapo waliopanga, na wapo walionunua.

Aliyepanga alilipa kidogo kila mwezi, na siku akichoka anajiondokea. Aliyenunua alipewa hati yenye jina lake na picha ya kitambulisho chake. Alipewa na kitu kingine. Alipewa mdomo.

"We mpangaji wa hewani," walitupiana maneno juu ya meza za samaki, "hata mbu wa kwako ni wa kukodi!"

"Bora mimi nikichoka naondoka. Wewe ukichoka utabeba bahari kichwani?"

Aliyeuanzisha mtindo huo wa kununua pale sokoni alikuwa Ninang Puring.

Jina lake zima ni Purificacion Dumancas. Ninang ni mama wa ubatizo, na yeye ndiye aliyempakata Dencio siku alipomwagiwa maji ya kanisa. Mama mzazi alipofariki, Ninang Puring alimchukua mtoto akamweka nyuma ya kibanda chake cha batchoy, supu ya tambi, kati ya gunia la tambi na pipa la mifupa ya supu, akamlea, akamsomesha. Mpaka siku ile Dencio alikuwa akimwambia kwamba yeye ni fundi wa viyoyozi.

Alipopata kiwanja gatini huko Bughaw, Ninang Puring alifanya kile ambacho mtu wa heshima hufanya akipata nyumba. Aliibariki.

Padri Anselmo alikataa. Akaja kuombwa tena, akakataa. Mara ya tatu alinusa nguruwe wa kuchoma, akaja. Simu ililazwa juu ya kitambaa cheupe, ikatiwa kwenye mfuko wa nailoni maji ya baraka yasije yakaiua. Mchele na chumvi vikatangulia. Wasimamizi wa nyumba wakashika mishumaa, na Dencio alikuwa mmoja wao. Sarafu zikarushwa, watoto wakazigombania chini ya meza. Ninang Puring, kwenye gauni la zambarau lenye mikono ya kipepeo, akasema mbele ya soko zima:

"Maisha yangu yote nimekuwa mpangaji. Hiki ni changu!"

Kabla ule mwezi haujaisha, wanawake kumi na mmoja walikuwa wamenunua viwanja vya jirani yake.

Dalali wa viwanja vyote alikuwa Wendel Jalbuena, kijana wa hapo hapo sokoni, mwenye meno mawili ya dhahabu na mkoba wa ngozi usioguswa na mtu. Nyuma ya Wendel alikuwapo Rask. Ahadi yao ilikuwa tamu. Siku ya sikukuu ya soko, kengele ya adhuhuri ikilia, kampuni ya nje italinunua gati lote, viwanja kumi na viwili, kwa mkupuo mmoja na kwa bei ya kumfanya mtu asipare tena samaki. Vyote au hakuna.

Wanawake hawakujua kwamba mnunuzi wa gati ndiye mnunuzi wa bunduki. Pesa zingekaa kwenye majina yao kiasi cha kufumba jicho, halafu zingeruka kwa Rask. Na siku askari watakapofuata nyayo za pesa, nyayo zingeishia kwenye meza za samaki za La Paz, kwa wenye hati na picha za vitambulisho.

Hilo ndilo lililomfanya Dencio apite katikati ya umati kwa haraka.

"Kiota, hapa Mdiria. Nimekiona kibanda cha Ninang. Nifanye nini?"

Safari hii sauti ilikuwa ya Kanali Sumagaysay mwenyewe, mkuu wa Kiota, mwanamke asiyependa maneno mengi.

"Sikiliza vizuri. Tumefungua daftari la Bughaw asubuhi hii. Kiwanja namba kumi na mbili kina jina la Wendel Jalbuena."

"Wendel? Hicho ni cha Ninang Puring."

"Wendel ndiye mwenye kiwanja. Purificacion Dumancas ni mpangaji."

Dencio alisimama. Mtu akamgonga mgongoni kwa kapu la kamba wabichi, akamwambia atembee au ahame.

"Rudia, Kanali."

"Amepanga. Hakununua kitu."

Akamkumbuka Ninang kwenye gauni la zambarau. Akakumbuka mshumaa uliomdondoshea nta kidoleni. Uso ukamwaka, kana kwamba aliyekamatwa akidanganya ni yeye.

"Sheria ya Bughaw ni hii," Kanali aliendelea. "Mwenye kiwanja akiuza, mpangaji huulizwa. Akinyamaza, amekubali. Akisema hapana, kiwanja hakiuzwi, na gati lote linakwama. Rask akikosa malipo itabidi apige simu kwenye boti kwa mkono wake. Akipiga, tunajua boti ni ipi."

"Rask anajua kuna mpangaji?"

"Hajui. Wendel anajua, na hana wasiwasi. Jana tumeinasa simu yake. Anasema, 'Bibi yule atakufa kabla hajasema amepanga.'"

Dencio alianza tena kutembea kuelekea kibandani.

"Chukua simu ya huyo bibi, Mdiria. Ifungue kwa saa. Ila mlango wa Bughaw unataka uso wake mwenyewe. Utautafutia njia. Ukishaingia, swali likitokea, bonyeza Hapana."

"Akikataa mpangaji, jina lake linatokea?"

"Linatokea."

"Wapi?"

"Gati zima linaliona."

Na gati zima lilikuwa limetundikwa juu ya uwanja wa soko. Wendel alikuwa amekodi skrini kubwa kama ukuta wa kanisa, na ndani yake viwanja kumi na viwili vilikuwa vimejipanga kando ya maji ya buluu, kila kimoja na taa yake inayowaka. Watu walikaa chini yake na sahani za tambi za pansit, wakivinyooshea vidole. "Kile changu, kile chenye mnazi!"

Ninang Puring alikuwa anakoroga supu. Alikuwa amevaa lile gauni la zambarau, na juu yake aproni.

"Toto!" aliita alipomwona. "Umekonda. Hao wenye viyoyozi hawakulishi? Kaa. Friji langu bado linatetemeka kama lina homa, na wewe ukija unakuja na mikono mitupu."

"Leo sikukuu, Ninang. Friji lipumzike."

"Friji la mwenye mwana fundi ndilo linalokufa." Akamsukumia bakuli. Tambi, maini, uboho, ngozi ya nguruwe iliyokaangwa ikilia juu ya supu. "Kula kwanza. Mambo ya pesa baadaye."

Dencio alikula. Chakula kilikuwa kitamu.

Simu ya Ninang, Samsung ya zamani yenye ufa, ilikuwa imelala karibu na chupa ya mchuzi wa samaki. Alisogeza mkono kana kwamba anatafuta pilipili.

Casio ikatetemeka kidogo.

Simu ikafunguka.

Sasa ilikuwa mkononi mwake. Alikuwa ameiba vitu vingi kwa ajili ya nchi: funguo, ramani, mkoba wa balozi mmoja. Hakuwa amewahi kuiba kwenye meza iliyomlea.

Mlango wa Bughaw ulimulika. ONYESHA USO.

"Ninang," alisema, na akaisikia sauti yake ikiwa laini, sauti ya kazini, "geuka nikupige picha. Umependeza."

"Mimi? Na jasho hili?" Lakini alikuwa ameshavua aproni. Alijipangusa midomo kwa kiganja, akazikalisha nywele zake nyeupe, akainyoosha mikono ya kipepeo upande huu na upande huu. Akasimama wima mbele ya sufuria yake. Akatabasamu kwa mdomo uliofungwa, kwa sababu ya jino lililotoka.

"Upesi, supu itamwagika."

Dencio aliinyanyua simu.

"Mdiria, muda," sikio likanong'ona. "Muda!"

Kidole chake kilikuwa mahali pake. Lilibaki tendo dogo tu, kumwinulia kioo mbele ya uso, basi. Ninang angevuliwa nguo mbele ya soko zima huku anatabasamu, akidhani anapigwa picha.

Aliishusha simu.

"Mdiria?"

Alikitoa kile kidude sikioni, akakidumbukiza kwenye glasi ya maji.

"Ninang, mimi si fundi wa viyoyozi."

"Najua," alisema Ninang Puring. "Fundi gani haulizi friji ni la aina gani? Nilidhani una mwanamke wa mtu."

"Ninang, najua umepanga."

Tabasamu lilibaki mdomoni bila kitu ndani yake. Mkono wa Ninang ulikwenda kwenye mwiko, ukaushika, ukauacha. Akatazama huku na huku. Kwenye meza ya jirani Manang Estring, muuza samaki wa bangusi, alikuwa anacheka na wenzake, na kalamu mpya ya kusainia imechomekwa kwenye nywele.

"Nani kakwambia?" aliuliza kwa sauti ya chini sana.

Dencio akamweleza. Alimweleza kuhusu bunduki, kuhusu boti, kuhusu hati zenye picha. Alisema haraka na hakuficha kitu, hata kwamba amemfungulia simu. Ninang Puring alisikiliza akiwa ameinamia sufuria.

"Nilipanga kwa kuogopa," alisema mwishoni. "Nilijiambia, Puring, ardhi usiyoweza kuifagia usiinunue. Nikampa Wendel kodi. Halafu Estring akaniuliza mbele ya watu, 'Umenunua au na huko umepanga?' Wakacheka, Toto. Miaka yote hiyo chumba cha kupanga, kibanda cha kupanga, hata kaburi la mume wangu tunalikodi. Nikasema nimenunua. Neno likishatoka mdomoni linataka kulishwa. Nikaliitia padri. Nikalichomea nguruwe."

"Ninang."

"Na wao wakanifuata. Kumi na mmoja. Mimi niliogopa kwa ajili yangu, nikawaacha wanunue." Akajifuta uso kwa ile aproni aliyoivua, akalaumu moshi, ingawa moshi ulikuwa unakwenda upande mwingine. "Wakijua watanitemea mate."

"Wasipojua watafungwa."

"Aa, Ninang yangu!" Wendel alikuwa amefika na mkoba wake, meno yanameta. Aliinama akaugusisha mkono wa bibi kwenye paji la uso wake, kwa heshima zote. "Mbona sura ya matanga? Leo siku ya kucheka. Simu usiihangaikie, kila kitu kitakwenda chenyewe." Akasogea sikioni kwake, lakini Dencio alisikia. "Sisi wawili tunajuana. Siri yako ni yangu. Nyamaza tu."

Kengele ya kanisa ikaanza.

Bendi ikanyamaza. Rask, juu ya jukwaa, akainua mkono. Chini ya skrini wanawake kumi na mmoja walibonyeza simu zao, na taa zikaanza kugeuka dhahabu, moja baada ya nyingine, kila taa na shangwe yake.

Simu yenye ufa ikamulika mezani. MWENYE KIWANJA ANAUZA. MPANGAJI, UNAKUBALI?

Dencio hakuigusa.

Ninang Puring aliitazama kama mtu anavyomtazama nyoka ndani ya nyumba. Kisha akavaa aproni, akaifunga kamba nyuma, akaichukua simu na kuileta mbele ya uso wake. Safari hii hakutabasamu.

"Ninang, usi..." Wendel alinyoosha mkono.

Dencio akaukamata mkono huo juu ya kiwiko, mahali palipo na mshipa. Mkoba wa ngozi ukaanguka kwenye beseni la matumbo ya samaki.

Ninang akabonyeza.

Taa kumi na moja za dhahabu zikazimika kwa pamoja. Skrini ikawa ya buluu tupu, na juu ya buluu hiyo yakaandikwa maneno makubwa kama milango:

KIWANJA 12. MPANGAJI, PURIFICACION DUMANCAS, AMEKATAA.

Soko likanyamaza hata mafuta ya kukaangia yakasikika.

"Mpangaji?" mtu akasema.

"Mpangaji!"

"Si alibariki? Si tulikula nguruwe?"

Dencio hakubaki kusikia. Rask alikuwa amesharuka nyuma ya jukwaa, shada la sampagita limemkatika, maua yanamwagika nyuma yake. Dencio alipita juu ya meza ya kaa, chini ya turubai, kati ya wauza mboga wawili, akatokea kwenye uchochoro wa mashine ya kusagia barafu.

Rask alikuwa pale, mgongo ukutani, Motorola ya setilaiti sikioni.

"Ondokeni sasa. Ndiyo, bila pesa, sasa hivi!"

Hiyo ndiyo simu waliyokuwa wanaingoja.

Rask akamwona. Akaitupa simu, akachomoa Beretta ndogo.

Risasi ya kwanza ikapasua pande la barafu.

Ya pili haikutoka. Dencio alikuwa ameshaisukumiza ndoo ya koleo za barafu miguuni pake, na mzungu mrefu aliyevaa viatu vya ngozi kwenye sakafu ya barafu hana ujanja. Alianguka kama mlango. Dencio akaikanyaga Beretta, akamgeuza kifudifudi, akamfunga mikono kwa kamba ya plastiki ya kufungia kaa.

Barong ilikuwa imeloa maji ya samaki.

"Wewe ni nani?" Rask alihema.

"Fundi wa viyoyozi."

Redio ya akiba mfukoni ikakoroma. "Mdiria, hapa Kiota. Boti imepatikana, gati la Guimaras. Makreti ya maembe, bunduki chini ya maembe. Tumewazingira. Na mbona sikio lako limekufa?"

"Liliingia maji."

"Kazi safi. Tutazungumza."

Askari wenye nguo za kiraia waliingia wakawachukua Rask na Wendel kwa mlango wa nyuma. Hakuna aliyewapigia makofi, na hakuna aliyejua. Wanawake wa soko wangeitwa, wangeeleza, wangerudi nyumbani kwao kulala. Pesa walizonunulia hazingerudi, lakini jela hawangeiona.

Dencio alipita tena mbele ya kibanda. Kulikuwa na foleni kila mahali sokoni isipokuwa pale. Sufuria ilikuwa inachemka. Ninang Puring alikuwa amesimama nyuma yake, mikono yote miwili juu ya meza, macho chini, akisubiri kutemewa mate.

Alitaka kwenda. Alitaka kuushika ule mkono na kuuweka kwenye paji lake. Akakumbuka vile alivyomwambia "umependeza," akabaki pale pale.

Manang Estring ndiye aliyekwenda. Alitembea kutoka meza yake mpaka kwenye kibanda, aproni yake imejaa magamba, akasimama mbele ya sufuria. Watu wakageuza shingo.

"Kodi ilikuwa kiasi gani?" aliuliza.

Ninang Puring aliinua macho. "Piso mia na hamsini. Kwa mwezi."

"Mia na hamsini."

"Ndiyo, Mare," alijibu, kwa jina wanaloitana mashoga.

Manang Estring alilirudia lile neno kimoyomoyo, midomo ikicheza. "Mimi niliuza cherehani ninunue changu," alisema.

Ninang Puring akachukua bakuli. Akalijaza, supu ikamwagikia kidole, hakukipuliza. Akalisukuma bakuli mbele. Estring hakukaa wala hakulishika. Aliondoa ile kalamu mpya nywelani, akaiweka mezani kando ya bakuli, akabaki amesimama hapo hapo, na mvuke ukapanda kati yao.

Dencio alivaa miwani ya jua. Akaelekea kwenye Honda yake kwa mwendo wa taratibu, kidevu juu, mikono mfukoni, vile vile walivyomfundisha kule Kiota. Aliyemwona angedhani ni mtu asiye na neno na mtu. Hakukimbia, maana mtu akikimbia sokoni watu humtazama usoni.